Mwamba ngoma asiachiwe mizani

MEZANI KWA ASHA
Na Asha Mhina

Mkulima wa viazi anaijua lumbesa kuliko mtu yeyote. Mnunuzi anafika shambani na gunia lake, analijaza mpaka mdomo, kisha analishonea kilemba juu, na furushi lote lile linahesabiwa gunia moja. Sheria hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita lumbesa miaka nenda miaka rudi. Lakini shambani hakuna mizani. Aliyekuja na gunia ndiye anayesema limejaa.

Nimeikumbuka lumbesa wiki hii nikisoma ripoti za mwaka za kampuni, hasa zile kurasa zenye picha za watoto wanaocheka na alama za rangi za Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu. Kila kampuni imejipima yenyewe, na kila kampuni imefaulu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kwenye lumbesa, gunia lina zaidi ya kinachotajwa. Kwenye ripoti hizi, kinachotajwa ni zaidi ya kilichomo. Ubaya ni uleule: kipimo kiko mikononi mwa mmoja.

Miaka michache iliyopita nilifika kijiji kimoja wilayani Handeni, ambako kampuni moja ilikuwa imechimba kisima. Jiwe la uzinduzi lilikuwa bado linang'aa, na jina la mgeni rasmi linasomeka vizuri. Koki zilikuwa kavu. Chini ya koki mojawapo, pale ambapo kwa kawaida pangekuwa na tope na nyayo za watoto, mchwa walikuwa wamejenga.

Mama mmoja akapita akitoka bondeni, ndoo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza maji yalikatika lini. Akaitua ndoo. "Yalitoka siku ile ya wageni, yakaendelea kama miezi mitatu. Pampu ikaungua. Hatujui vipuri vinapatikana wapi." Kisha akanitazama na kuniuliza, "Kwani wewe ndiye uliyetumwa kuja kuitengeneza?"

Niliporudi mjini niliitafuta ripoti ya kampuni ile. Kisima kimo, chini ya Lengo la 6, maji safi na usafi wa mazingira, na kijiji kizima kimeandikwa kuwa wanufaika. Siwezi kusema aliyeandika alidanganya. Siku alipoandika, huenda maji yalikuwa bado yanatoka. Kosa ni kwamba kisima kilipimwa siku ya kukata utepe, halafu hakuna aliyerudi.

Kosa hilo lina mizizi mirefu. Umoja wa Mataifa ulipopitisha malengo haya Septemba 2015, shabaha ya 12.6 ilizihimiza kampuni, hasa kubwa, kuingiza taarifa za uendelevu kwenye ripoti zao. Kiashiria chake ni nini? Idadi ya kampuni zinazochapisha ripoti. Kwa hesabu hiyo, ripoti ya kisima kikavu na ripoti ya kisima chenye maji zina alama sawa.

Vipimo bora vipo. Mwaka 2019 UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, ilitoa mwongozo wa viashiria 33. Humo kampuni inaulizwa imelipa kodi kiasi gani, imenunua kiasi gani kwa wazabuni wa hapahapa nchini, imetumia maji kiasi gani, wafanyakazi wangapi wameumia kazini, wanawake wangapi wako kwenye uongozi, imetozwa faini ngapi za rushwa. Misaada kwa jamii imo pia, lakini ni kiashiria kimoja tu kati ya vyote hivyo.

Mpangilio huo ni wa haki. Mchango wa kiwanda unaanzia ndani ya kiwanda chenyewe: kwenye mshahara, kwenye kodi, kwenye bomba la majitaka linalokwenda mtoni. Kiwanda kinachogawa madawati shuleni huku kikimcheleweshea mkulima malipo yake kwa miezi kimewanyima wazazi uwezo, kisha kikawapa watoto zawadi. Mzazi aliyelipwa kwa wakati hahitaji kusubiri kupigwa picha ndipo mwanawe apate sare.

Viwango vipya vya kimataifa vya taarifa za uendelevu, IFRS S1 na S2 vilivyotolewa Juni 2023, vitawanyoosha wengi. Lakini viwango hivyo vinamlenga mwekezaji, anayetaka kujua fedha zake zina hatari gani. Yule mama wa Handeni hana hisa. Yeye naye aandikiwe na nani?

Hapa Tanzania tumeshaanza. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, akubaliane na halmashauri, na afuate vipaumbele vya eneo husika. Halmashauri nayo inatakiwa kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Ni msingi mzuri, ila kifungu hicho kinaishia migodini. Benki, kampuni za simu na viwanda vya vinywaji hakivigusi.

Pendekezo langu halihitaji chombo kipya. Mtendaji wa kijiji anatakiwa kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Mradi wa kampuni usomwe hapohapo. Karatasi moja, kwa Kiswahili: tuliahidi nini, tumetumia shilingi ngapi, kinafanya kazi leo au hakifanyi, vipuri viko kwa nani. Isomwe kwa miaka mitatu mfululizo, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na majibu ya wananchi yaingie kwenye ripoti ya mwaka kama yalivyosemwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kampuni zitasema ni gharama. Nauli ya kumrudisha ofisa mmoja kijijini haifikii fedha za maturubai, muziki na fulana za siku ya uzinduzi. Tena zipo kampuni zinazofanya kazi kwa uaminifu, zenye visima vinavyotoa maji mwaka wa kumi huu. Hizo ndizo zinazoonewa zaidi leo, kwa sababu kwenye karatasi hazina tofauti na wababaishaji.

Wiki hii nimesoma kurasa nyingi, nyingine nzuri kweli, zenye takwimu na michoro. Katika zote nimelitafuta jibu la swali moja, lile nililoulizwa kando ya koki kavu: nani ametumwa kuja kuitengeneza? Sijaliona.