Mzee, Mwandike Binti

Mzee akifa Jumanne, benki ikisikia Jumatano inafunga akaunti. Malori matatu yako foleni Tunduma yakingoja kuvuka kwenda Zambia, madereva wanapiga simu kwamba hela ya kula imekwisha, na binti aliyekuwa akiwatumia hela hiyo kwa miaka 12 hana saini, hana hisa, hana hata kadi moja ya gari yenye jina lake. Anaambiwa atulie, arobaini ipite, ukoo ukae.

Kila mwenye malori kuanzia Dar es Salaam hadi Mbeya ameliona hili, kama si kwake basi kwa jirani. Ametikisa kichwa msibani, amesema “jamani, jamani”, kisha amerudi nyumbani na kadi za malori yake ameziacha palepale, kwenye sanduku chini ya kitanda, zote kwa jina lake.

Tusizunguke. Binti anayeendesha biashara ya familia aandikwe. Aandikwe kwenye hisa, aandikwe benki, aandikwe kwenye wosia, na aandikwe sasa hivi wakati mzee bado anashika kalamu mwenyewe.

Mabinti hawa ni wengi kuliko tunavyokiri. Biashara ya malori ni ya wanaume toka kwenye usukani mpaka kwa utingo, toka gereji mpaka kwa wakala wa forodha. Lakini ingia kwenye kile kibanda cha ofisi ndani ya yadi, chenye kalenda ya duka la matairi ukutani, utamkuta amekaa na simu mbili na daftari. Anajua lori likibeba mzigo toka Dar hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, linakunywa dizeli kiasi gani. Kwa hiyo dereva akimwambia mafuta yamekatika Mafinga, anajua yamenyonywa, na anakisia ni wapi. Anajua lori lipi breki zake si za kuaminika kwenye mteremko wa Kitonga. Anajua kwamba pale mizani ya Vigwaza ekseli moja ikizidi utazuiwa hata kama uzito wote uko sawa, kwa hiyo anasimamia upakiaji mwenyewe. Anajua fundi anayefunga spea mpya, na anamjua yule anayekurudishia ya zamani baada ya kuifuta grisi.

Madereva wanamwita bosi. Mafundi wanamwita dada. Mzee anamwita mwanangu. Benki wanamwita yule aliyeleta karatasi.

Machi 8 ikifika anavishwa kitenge kipya, anapandishwa jukwaani na kuitwa mwanamke wa shoka. Makofi yanapigwa. Kesho yake anaandika hundi, anaipeleka kwa mzee nyumbani asaini, maana yeye mwenyewe haruhusiwi. Tungefurahi zaidi kama makofi yale yangebadilishwa na fomu moja ya benki.

Sasa visingizio, maana tumevisikia mpaka masikio yamechoka.

La kwanza ni kwamba ataolewa na mali itahamia kwa watu. Mara nyingi linasemwa juu ya mwanamke aliyekwisha kuolewa zamani, ana watoto watatu sekondari, na mume wake hajawahi kukanyaga yadi. Wana wa kiume nao wanaoa. Wengine wanaoa mara mbili, na mke wa pili hana habari na deni la trela. Hisa za kampuni hazihami kwa sababu ya harusi. Zinahama kwa makubaliano, na katiba ya kampuni inaweza kusema wazi kwamba anayetaka kuuza zake aanze kwa kuwauliza wenzake wa familia.

La pili, madereva hawatamsikiliza mwanamke. Wanamsikiliza sasa hivi. Dereva humsikiliza mtu anayetoa hela ya safari na anayeweza kumnyang'anya ufunguo. Siku wakisikia mzee hayupo na ufunguo hauna mwenyewe, hapo ndipo kila mmoja atakuwa na lori lake.

La tatu ni mila na dini. Wanaotaja dini wangekumbuka kwanza kwamba Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara yake, na bidhaa zake ndizo Mtume alizopeleka Sham. Ni kweli, katika mirathi ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, na wosia hauwezi kumwongezea mrithi fungu lake bila wenzake kuridhia. Lakini hiba aliyoitoa mtu akiwa hai na kuikabidhi ni jambo jingine, na sheikh yeyote wa mtaa wako atakueleza. Anayesema dini imemfunga mikono, mara nyingi hajaenda kuuliza.

Upande wa mila, kanuni za urithi wa kimila zilizochapishwa na serikali mwaka 1963 zinawapanga warithi kwa madaraja, na mabinti wako daraja la tatu, nyuma ya kaka zao wote. Hizo ndizo zitakazofunguliwa mezani kama mzee hakuacha karatasi. Akiacha, mambo ni mengine. Mfano upo wa Mkoa wa Kagera. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, akaiuza mwaka 1988. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba anayo, sawasawa na mwanamume. Hukumu hiyo imesomwa na wanasheria wengi. Sisi tunamtazama yule baba. Aliandika, na hoja yote ya bintiye ikapata pa kuanzia.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Eugene Meyer wa Marekani alinunua gazeti la The Washington Post mwaka 1933. Alipoanza kurithisha, alimpa mkwewe hisa nyingi kuliko binti yake Katharine, kwa hoja kwamba haifai mwanamume amfanyie kazi mkewe. Mkwe alipofariki mwaka 1963, mzigo ukamwangukia Katharine Graham, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi gazeti lilipofukua kashfa ya Watergate. Meyer aliwahi kuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani. Hesabu alizijua. Hii ya nyumbani ikampita.

Kisingizio kinachotuchosha kuliko vyote ni kwamba kuandika wosia ni uchuro. Mzee huyuhuyu analipia bima ya lori kila mwaka. Mbona bima haijaangusha lori? Analibebea gurudumu la akiba, na hajawahi kusema gurudumu la akiba linaita pancha.

Tatizo jingine ni kwamba wazee wengi wanadhani wamekwisha kuandika. Wamesajili jina la biashara BRELA, cheti kimewekwa kwenye fremu, kimetundikwa. Hiyo si kampuni. Ni jina la mtu mmoja lililovaa suti. Mtu huyo akifa, malori yake ni mirathi kama ng'ombe na godoro, na yanamngoja msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kampuni ni kitu kingine: mwenye hisa akifa, kampuni inabaki hai, mkurugenzi aliyebaki anaendelea kusaini, dizeli inanunuliwa. Na ile hati ya uwakilishi ambayo mzee alimwandikia binti alipokwenda India kutibiwa, ambayo familia nzima inaiona ndiyo kinga, inakufa siku ileile mwenye kuitoa anapokufa. Wengi wanalijua hilo wakiwa wamesimama dirishani benki, wamevaa nguo za msiba.

Mkopo wa trela, kwa taarifa yenu, haufiwi. Marejesho ya mwisho wa mwezi yanakuja palepale.

Ndugu wa kiume nao wana haki, na hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Hatusemi binti apewe yote kwa sababu alikaa yadini. Kumiliki ni jambo moja, kuendesha ni jingine, na familia nyingi zimegombana kwa kuyafunga mawili haya kamba moja. Kaka mwenye duka la simu Mwanza awe na hisa zake, apate gawio lake faida ikipatikana, aonyeshwe hesabu kila mwaka bila kuomba. Lakini asije kuwa meneja wa malori wiki moja baada ya mazishi kwa sababu tu ana ndevu. Wengi wao hata hawaitaki kazi hiyo. Wanaichukua kwa kuwa ukoo umewasukuma. Baada ya mwaka mmoja yadi ina mabodi mawili juu ya mawe, na wao wenyewe wanampigia dada simu usiku wakiuliza namba ya fundi wa injini.

Na binti alipwe. Hili nalo linaonewa aibu. Amefanya kazi miaka 12 kwa “si ni ya kwenu hiyo?”, akipewa hela ya saluni sikukuu na ada ya mtoto akiomba. Dereva ana mshahara na mchango wa NSSF, yeye hana. Mshahara wake ukiwekwa kwenye vitabu, hata siku ya kugawana hakutakuwa na mabishano kuhusu jasho la nani liko wapi, maana jasho litakuwa limelipwa tayari na litakalobaki mezani ni hisa.

Gharama zipo, hatufichi. Kuna ada ya kusajili kampuni, kuna ada ya kubadilisha majina kwenye kadi TRA, kuna wakili, na kuhamisha hisa kuna kodi zake ambazo mhasibu atazipigia hesabu. Zikusanye zote, kisha uzilinganishe na lori moja kulala Tunduma miezi mitatu huku koo mbili zikibishana nani ashike ufunguo. Wosia wenyewe unaweza kuandikwa na kutunzwa RITA, hauhitaji kufichwa ndani ya Biblia au msahafu ambako mjukuu atauchora.

Kwa hiyo Jumatatu mzee alitoe lile sanduku chini ya kitanda. Awaite binti na kaka zake wote, wenye furaha na wenye kinyongo, awaambie kwa mdomo wake mwenyewe nani ataendesha na nani atamiliki nini, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba mzee alirubuniwa akiwa mgonjwa. Kisha waende pamoja. Ofisi zinafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Kila mmoja abebe namba yake ya NIDA, bila hiyo wataambiwa warudi kesho.