Imeandikwa, lakini na Nani?

Liko neno moja linalowapoteza vijana wetu: «Nimelisoma, basi ni kweli.» Mtu akishika karatasi yenye maandishi anadhani ameshika ukweli wenyewe. Sivyo, ndugu zangu! Hata uwongo hupigwa chapa.

Kumbukeni Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020. Watu zaidi ya 2.200 walikufa. Siku zile maneno yalienea pande zote: ugonjwa haupo, ni biashara ya wakubwa. Nani aliyasema? Hakuna aliyetia jina lake. Alijuaje? Hakueleza. Hata hivyo wengi waliyasadiki, wakaficha wagonjwa wao nyumbani.

Sasa tazameni maandishi ya namna nyingine. Mwaka 2019 wataalamu wa Kongo na wa ng'ambo, pamoja na Profesa Muyembe, walitoa habari za dawa nne walizojaribu huku kwetu. Majina yao yapo. Hesabu ya wagonjwa ipo: 681. Wameeleza jinsi kila mgonjwa alivyopewa dawa kwa kura, na wangapi walikufa kwa kila dawa. Wataalamu wengine waliichungua kazi yao kabla ya kupigwa chapa. Dawa mbili zilizishinda nyingine. Anayetaka kubisha anajua pa kuanzia.

Mtaniambia: «Hata wenye elimu hukosea.» Ni kweli. Mwaka 1998 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, lilitoa maandishi ya Andrew Wakefield na wenzake, yaliyotia watu shaka kwamba sindano ya surua huleta usonji. Watoto waliochunguzwa walikuwa 12 tu! Wengine walichunguza watoto wengi sana, wasione jambo hilo; na mwaka 2010 gazeti lenyewe likayafuta maandishi yale. Lakini uvumi wa Ebola, nani aliyeufuta?

Sisemi mtupe magazeti na redio. Hivyo ni wajumbe, na mjumbe ana kazi yake. Lakini ukitaka kufundisha watu, au kukataa dawa ya mtoto wako, usikomee kwa mjumbe. Mtafute mwenye neno.

Basi, ulizeni daima: Nani ameandika? Amejuaje? Nani amemkagua? Asiyepata majibu na anyamaze kwanza. Tumekwisha kuzika watu kwa sababu ya maneno yasiyo na mwenyewe.