Simu kwa mteja isitangulie cheti

Baadhi ya wafanyabiashara wanaovusha mahindi kutoka Tanzania kwenda Kenya wameweka daftari kando na kuhamia kwenye programu za kufuatilia wateja. Si jambo baya. Oda, deni na namba ya simu ya mteja vinakaa mahali pamoja, na karani akiondoka kazini haondoki navyo.

Kasoro iko kwenye orodha ya kazi. Wengi huipa kila kazi tarehe yake, kisha basi. Jumatatu sampuli iende maabara, Jumatano lori lipakie, Ijumaa mteja wa Nairobi aambiwe mzigo umevuka Namanga. Maabara ikichelewa siku mbili, programu haina habari. Ijumaa itamkumbusha karani apige simu, naye atapiga. Mteja atatafuta vibarua wa kushusha mzigo ambao bado uko ghalani Babati.

Kazi hizo zilipaswa kufungwa pamoja kama mabehewa: ya pili isifunguke mpaka ya kwanza ikamilike, na ya kwanza ikisogea, zote za nyuma zisogee, pamoja na ile simu.

Waliokuwa sokoni Machi 2021 wanajua kwa nini. Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha uasili kitaje wilaya yalikolimwa. Anayepakia kabla ya majibu ya maabara anacheza kamari. Yakija mabaya, kodi ya lori inaendelea kuhesabika na mahindi hayana pa kwenda.

Lakini si kila kitu kifungwe. Kutafuta lori hakusubiri maabara. Kupakia ndiko kunasubiri. Anayeunganisha kila kazi na kila kazi atajikuta ofisi nzima imekaa ikingoja karatasi moja. Na kazi ya cheti isifungwe kwa neno la wakala wa forodha kwamba "kiko njiani". Ifungwe picha ya cheti ikishaingia.

Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, anayepita kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hana haja ya kununua programu kwa hili. Mshale wa kalamu kati ya mistari ya daftari unamtosha.

Anayenunua amuulize muuzaji swali moja kabla ya kulipa: tarehe ya kwanza ikisogezwa, ya mwisho inasogea yenyewe? Aombe aonyeshwe palepale, kwa oda yake mwenyewe. Zipo programu zinazochora mshale kati ya kazi mbili na kuacha tarehe zilivyokuwa.