Gunia la Mavuno Limetoka Wapi?

Mkula, na vijiji vingine vya chini ya milima ya Udzungwa kwenye barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, mwenye fedha taslimu mwezi Januari ni mtu mkubwa. Akiba ya chakula imekwisha, shule zinafunguliwa na watoto hawana sare wala madaftari, majaruba yanataka mbolea na vibarua wa palizi. Ndipo mkulima anapouza mpunga ambao haujatoa hata suke. Tuseme wakati wa mavuno gunia lingempatia shilingi elfu themanini. Sasa analitoa kwa arobaini, tena kwa lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kuongezwa kilemba juu. Mpunga ukishapigwa, mnunuzi anafika na gari shambani, anapakia chake. Mkulima hurudi nyumbani na kidogo kilichobaki, na Januari ijayo atabisha hodi mlango uleule.

Mnunuzi huyo mara nyingi ni mwenzetu wa kanisani. Jumapili ya mavuno yeye hutoa magunia mengi kuliko wote, nasi tunampigia vigelegele. Toleo hili tumelitenga kwa suala la mali, na hoja yangu ya kulifungulia ni hii: Kanisa lisilouliza magunia yale yamepatikanaje halina neno la kuwaambia watu juu ya utajiri.

Wapo wanaohubiri kwamba mali ni dalili ya baraka, na wapo wanaousifu umaskini kana kwamba njaa inamsogeza mtu karibu na Mungu. Wote wanaangalia mtu ana nini. Maandiko hayamlaani mwenye mali kwa kuwa nayo tu: Abrahamu alikuwa na mifugo mingi, Lidia aliuza nguo za zambarau, na kaburi alilozikwa Bwana lilikuwa la tajiri wa Arimathaya. Lakini msomeni Nehemia, sura ya 5. Watu wa Yerusalemu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na watoto wao wanaingia utumwani. Waliowakopesha ni ndugu zao, watu wa imani moja. Nehemia hakuwaomba wakopeshaji waongeze sadaka. Aliitisha mkutano mkubwa, akawakemea wakuu hadharani, akasema wazi kwamba yeye na watumishi wake nao wamekopesha, kisha akataka mashamba yarudishwe siku ileile pamoja na riba iliyotozwa. Akawaita makuhani, akawaapisha wakopeshaji mbele yao. Sijawahi kusikia sura hiyo ikihubiriwa Jumapili ya mavuno.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyeipenda imani yake, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York, Oktoba 1970, kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litahesabiwa upande wa dhuluma. Maneno hayo yalielekezwa kwa Kanisa la dunia nzima. Yanaihusu pia kamati ya fedha ya parokia au usharika mdogo kabisa.

Mnunuzi naye ana la kujibu, na asikilizwe. Alitoa fedha wakati ambapo hakuna mwingine aliyetoa. Benki inataka dhamana. Mafuriko yangeweza kuchukua kila kitu, au ndege wakamaliza masuke yote, na hasara ingekuwa yake. Ni kweli. Ndiyo maana kumkemea peke yake hakutoshi, maana akijiondoa kesho, mkulima atabaki bila mbolea.

Kanisa lenyewe lina magunia. Sadaka ya mavuno inayopokelewa Julai kwa kawaida huuzwa haraka, bei ikiwa chini, kwa wafanyabiashara walewale. Ingewekwa ghalani hadi Januari, ingeweza kukopeshwa kwa wenye shida: gunia kwa gunia, kwa kipimo kilekile, bila nyongeza, jinsi Kutoka 22 inavyoagiza juu ya maskini. Mavuno yakiharibika, kamati ikae na mkopaji na deni lisogezwe msimu mmoja mbele. Kazi hii inahitaji ghala kavu, daftari, na watu watatu wanaoaminika. Itachelewesha ukumbi tunaojenga na vyombo vya kwaya, na huenda mfadhili mmoja au wawili wakahama benchi la mbele. Naomba halmashauri zetu zikubali gharama hiyo kabla ya msimu huu kwisha.