Mshairi asiwe ngoma ya wenye bunduki

Kuna wenzetu wanaotuambia kila mara: kazi ya mshairi wa kwetu tangu zamani ni kusifu shujaa, na yule anayelia juu ya vita ameiga Wazungu. Maneno hayo tumechoka kuyasikia. Tunayakataa, na sababu zetu ni hizi.

Hatukani kwamba sifa za vita zipo. Waluba wana kasala, inayomtaja mtu kwa majina ya ukoo wake mpaka moyo unachemka. Kule Pate, pwani ya Kenya, Bwana Mwengo alitunga Utenzi wa Tambuka mwaka 1728, akasifu jeshi la Waislamu mbele ya jeshi la Herekali. Mwingereza Tennyson naye, mwaka 1854, alisifu wapanda farasi waliotumwa kufa Balaclava kwa amri iliyokosewa. Lakini tuangalie vizuri: Tennyson aliisoma habari ile katika gazeti. Wilfred Owen, yeye, alikuwa ndani ya mahandaki ya Ufaransa, akaandika juu ya askari anayekufa kwa gesi ya sumu. Aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja tu kabla ya vita kuisha. Wa mbali alisifu, wa karibu alipinga. Njo tofauti yenyewe.

Watatujibu: huyo Owen ni Mzungu. Sawa! Basi twende Walikale, kwa Wanyanga. Masimulizi ya Mwindo, aliyoyatoa muzee Candi Rureke mwaka 1956, na ambayo Biebuyck na Kahombo Mateene waliyachapisha mwaka 1969, yanasema nini? Mwindo anapigana na baba yake Shemwindo aliyetaka kumuua, na kijiji cha Tubondo kinateketea. Anayeishia hapo atasema: ona, shujaa! Lakini masimulizi hayaishii hapo. Mwindo anamleta baba yake, wanapatana, wanagawana utawala, na wafu wa Tubondo wanafufuliwa. Tena baadaye, akiisha kuua joka Kirimu, Nkuba, mwenye radi, anamchukua mpaka juu mbinguni, anateswa na baridi, mvua na jua, mpaka kiburi kinamtoka. Anarudi na amri za kuacha kuua na za kutawala kwa amani. Ni Mzungu gani aliyewafundisha Wanyanga hayo?

Kwa hiyo kupinga vita si kitu cha kuazima. Kimo ndani ya mila yetu, na anayekificha anaiba mali ya wazee.

Tena si mabishano ya vitabu tu. Katika vita vya 1996 na 1997 tuliona kadogo, watoto wa kukaa shuleni, wakitembea na bunduki na nyimbo mdomoni. Kuna mtu aliyezitunga nyimbo zile. Na tangu hapo, kila kundi linalotoka msituni linapata mwimbaji wake, kwa chupa chache za pombe na noti kidogo. Kesho yake mama anazika, na mwimbaji hayuko kwenye matanga.

Sisi tunaomba mambo mawili. Walimu wafundishe Mwindo mpaka mwisho wake. Na katika sherehe zetu za utamaduni, mwenye kuimba jina la kamanda asipewe nafasi. Aimbe majina ya waliokufa kijijini mwake, mmoja mmoja, kama kasala inavyojua kutaja watu. Tutakaa kumsikiliza hata usiku kucha.