Kutua Si Kuanguka

Machi 5, 2015, injini ya ndege ndogo aina ya Ryan, iliyoundwa mwaka 1942, ilizimika punde baada ya kuruka kutoka Santa Monica, Marekani. Wachunguzi baadaye walikuta kipuri cha kabureta kimelegea. Rubani, mwigizaji Harrison Ford, aliitua kwenye uwanja wa gofu. Yeye aliumia, wa chini hawakudhurika. Katika insha za wanafunzi wangu, tukio kama hilo huitwa "ndege kuanguka". Sikubali. Embe huanguka. Ndege iliyozimika injini hushuka kwa mbawa zake, nayo huongozwa. Hata mzigo kichwani tunautua, hatuuangushi! Walimu wenzangu, hivi "ilianguka" tuipe alama ngapi, ilhali inamfuta rubani katika sentensi?