Maumivu Nayo ni Suala la Katiba

Makamanda, makala hii nimeiandika nimesimama. Siyo mbwembwe, kukaa kumenishinda tangu asubuhi.

Nina nyurofibromatosi aina ya kwanza. Ni hitilafu ya jeni moja kwenye kromosomu ya 17, inayofanya uvimbe uote kwenye mishipa ya fahamu. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000 wanaozaliwa, na karibu nusu yetu hatukuurithi kwa mzazi yeyote. Waliomwambia mama achunguze ukoo wake na waliomsukuma kwa waganga, wote walimkosea.

Uvimbe wangu mkubwa uko kiunoni. Kuukata wote ni kuhatarisha mguu, kwa hiyo kazi yangu ni kuishi na maumivu: moto unaoshuka mpaka kwenye unyayo, wala huonekani kwa macho. Panadol haifui dafu. Kinachonisaidia ni gabapentini, amitriptilini kidogo usiku, na mazoezi ya viungo. Dawa hizi huanzwa kidogo kidogo, na haziachwi ghafla.

Sasa njoo dirisha la dawa. Kadi ya bima ninayo. Muhula uliopita nikaambiwa, "Hiyo hakuna, kanunue nje." Hela yangu ilitosha dawa za siku kumi. Ya kumi na tatu ikanikuta kwenye chumba cha mtihani, jasho linanitoka. Nilipoomba niandike nimesimama, msimamizi akashangaa: "Mbona unaonekana mzima?"

Nasoma sheria, nikarudi kwenye Katiba yetu ya 1977. Ibara ya 11 inaitaka nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa maradhi. Safi! Halafu Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Yaani ahadi ipo, pa kuidai hakuna. Majirani zetu Kenya, Katiba yao ya 2010 inaitaja haki ya afya Ibara ya 43, na Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani. Sisemi Kenya hawaambiwi "kanunue nje". Nasema Mkenya ana pa kushtaki.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Vizuri. Lakini tusidanganyane, kadi bila dawa ni plastiki tu.

Kuna kamanda mwenzetu aliniambia haya ni mambo binafsi, tumalizane na tume huru kwanza. Tume huru nitaipigania. Ila mama ninayekaa naye benchi moja kliniki hajawahi kuniuliza habari za tume. "Kanunue nje" anaijua kuliko mimi. Tukitaka aamini Katiba Mpya ni yake, tuanzie hapo.

Kwa hiyo kwenye vikao vyetu vya matawi tudai bila kumung'unya maneno: haki ya afya iwe ya kudaiwa mahakamani, na dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu zipatikane kwa kadi ya bima.

Na wewe mwenye hali kama yangu, maumivu yakizidi ghafla au uvimbe ukikua haraka, wahi hospitali. Huenda ni saratani, usijikaze.

Siku mkiniona nimesimama nyuma ya ukumbi, msinitafutie kiti. Niulizeni kama dawa nimepata.